Mama Régine Mwenya na Simu za Akina Mama wa Machimboni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Régine Mwenya, mkuu wa ofisi yetu ya fedha za utafiti hapa chuoni Kasapa, anastaafu tarehe 30 Juni. Tutaikosa chai yake ya tangawizi, ila masikio yetu yatapumzika. Akiongea kwa simu na mtu aliye Likasi, zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa, huyo mtu angeweza kumsikia hata bila simu.

Binti huyu wa mfanyakazi wa reli kutoka Kongolo aliingia kazini kama karani, akasoma jioni, akapanda hadi kuongoza ofisi. Maprofesa walimheshimu na, tuseme ukweli, walimwogopa. Aliyechelewesha ripoti alipita mlangoni pake kwa kunyata.

Lakini mwaka wa Korona ndio uliotuonyesha Mama Régine ni nani. Profesa Stanislas alikuwa akifuatilia afya ya watoto wanaoishi karibu na machimbo, kwa fedha za serikali ya ng'ambo. Chuo kikafungwa, wachunguzi wake wakazuiwa kwenda nyumba kwa nyumba. Wafadhili wakalegeza masharti: ripoti zingeweza kuchelewa, wasaidizi wangelipwa hata kazi ikisimama, na fedha zingeweza kuhamishwa bila kuomba ruhusa kwanza. Wengi wetu tulimshukuru Mungu tukajifungia nyumbani. Mama Régine alikasirika.

«Makaratasi inaweza kungoya, batoto habawezi,» alituambia. Tukipoteza mawasiliano na familia, utafiti ungekufa, na mtoto akiugua hakuna ambaye angejua.

Akachukua fedha za mafuta ya gari, akanunua yuniti za simu, akawagawia wachunguzi. Nambari ya ofisi ikasambazwa kwa akina mama wote. Asiye na yuniti alibipu tu, yaani alipiga na kukata, kama tufanyavyo sote, naye akapigiwa.

Mkaguzi wa wafadhili alipoona kwenye orodha ya simu za ofisi simu chungu nzima zilizokatika bila kupokewa, alidhani ofisi ilikuwa imelala, akataka kukataa gharama zile za yuniti. Walikuwa wakizungumza kwa video, Mama Régine akimweleza kwamba huku kwetu simu iliyokatika ni mtu anayekuita, simu ya ofisi ikalia mara moja ikanyamaza. Akamwacha mkaguzi kwenye kioo, akapiga. Alikuwa mama yake Benita, mmoja wa watoto wa utafiti ule; mtoto alikuwa na homa kali, ameanza degedege. Muuguzi akapelekwa papo hapo. Mkaguzi alisubiri hadi habari njema ilipofika. Hakuuliza tena habari za gharama.

Bado ninashangaa. Mji mzima ulijifungia, lakini hatukupoteza familia hata moja. Benita yuko shuleni leo.

Asante, Mama Régine. Nenda kwa amani ukawalee wajukuu, Mungu akujalie afya na siku nyingi za furaha. Ukiwa na shida yoyote, bipu tu. Safari hii tutakupigia sisi.