Kiti cha Kulia cha Shevroleti

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa birika langu ulianza kugongagonga. Nikanywa chai, nikawahi kivuko cha kurudi Ifakara. Ndani yake mlikuwa na Shevroleti kuukuu, gari refu la Kimarekani lenye usukani kushoto. Mwenyewe, mzee Fulgensi wa Mlabani, aliushika usukani kana kwamba kivuko anakiendesha yeye.

Mama mmoja muuza samaki alichungulia dirishani. "Shikamoo, baba. Ukiwa nyuma ya lori, huko kushoto unaonaje mbele?"

"Marahaba. Aliyeona ni mke wangu. Alikaa kulia. Akisema 'bado,' nangoja. Akisema 'twende,' napita. Tangu tumzike, nafuata lori mpaka lisimame."

"Liuze, baba! Litakuua."

"Na kiti chake nikiuze?"

Yule mama akakitazama kile kiti kitupu.

Kivuko kiligusa ukingo. Mama akafungua mlango wa kulia, akaketi, kapu la samaki mapajani. "Nashuka Kibaoni. Lakini bado nasema liuze."

Mzee akawasha gari, akacheka. "Sawa, mwanangu. Jumapili uje tena kunisalimia, hata kama hatuna safari."