Miaka Miwili Isiyomo Katika Faili la Profesa Tibamwenda

Citoyen (Mwananchi) Tibamwenda Kaheru, profesa wa falsafa ya maadili na siasa, anastaafu tarehe 31 Julai 1987, baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Bunia kwa miaka ishirini. Faili lake linasema kumi na minane. Ukurasa huu wa kumuaga unahesabu ishirini, na sababu itaelezwa.

Alizaliwa Boga, akasoma kwa wamisionari, kisha Ulaya, akarudi mwaka 1967 na shahada ya udaktari na koti moja zito ambalo hakulivaa tena. Tasnifu yake ilihusu utii. Tangu hapo hakuacha swali lile moja: amri mbaya ikishatekelezwa, nani anajibu?

Waliosoma kwake wanaukumbuka ubao wake. Alichora safari ya barua moja ya amri: mkono wa aliyeiwaza, wa aliyeipiga kwa mashine, wa dereva aliyeibeba, mpaka mkono wa askari kwenye kizuizi cha barabara pale Komanda anayeteremsha gunia la maharagwe la mama mzee. Kisha aliuliza mkono upi una kosa. Kila mwaka wanafunzi walitaja wa kwanza. Profesa aliufuta mkono huo kwa kitambaa, akauliza ni nani basi anayeitembeza barua, maana mkubwa amelala nyumbani kwake. Fundisho lake lilikuwa kwamba kosa haligawanywi kama muhogo, kila mtu kipande chake. Kila mkono hupata kosa zima.

Padri mmoja, mwalimu mwenzake, alimwandikia kwamba fundisho hilo ni kali mno kwa watu maskini wenye watoto. Profesa alikiri hadharani kwamba hana jibu. Alikaa bila jibu miaka kumi.

Hakuwa mtu wa uso wa kukunja. Jumamosi moja ya salongo, kazi ya lazima ya pamoja, alikuja wa kwanza na jembe lake, akapalilia kwa bidii shamba lote la mboga za lengalenga la mkurugenzi wa wakati ule, akidhani ni majani ya porini. Wanafunzi waliimba wiki nzima: "Profesa anajua haki, lenga-lenga hajue!" Naye aliitikia wimbo.

Ofisini alikuwa na sheria moja. Karatasi yoyote iliyotoka kwake ilibeba chini jina kamili la aliyeipiga, si herufi mbili tu za mwanzo kama desturi. Makarani hawakuipenda sheria hiyo.

Mwezi wa tatu mwaka 1982 wanafunzi kumi na mmoja walikataa kucheza ngoma za animasyo, zile za kumsifu rais, mbele ya wageni. Ikaja amri wafukuzwe. Orodha ilipigwa asubuhi na karani mwenye miaka kumi na tisa, aliyekuwa na miezi mitatu kazini. Chini yake hakuna jina. Profesa, aliyekuwa mkuu wa masomo, alitakiwa kutia sahihi.

Aliisoma amesimama kando ya meza ya mashine.

"Nani alipiga hii?"

Karani aliinama kupanga karatasi zake. Mkurugenzi alicheka kidogo. "Prof, iko kikaratasi tu. Tia sahihi, twende tukule."

"Basi muongeze jina yangu, nimero kumi na mbili. Siye njo tuliwafundisha."

Akaiweka mezani, akatoka. Siku nne baadaye gari la jipu la serikali lilimpeleka Boga, naye akakatazwa kuondoka huko. Wanafunzi walifukuzwa vilevile, kwa sahihi ya mtu mwingine. Mmoja wao, Lobho, aliyekuwa wa kwanza darasani, alikwenda kuchimba dhahabu Nizi, na shimo likamfunika mwaka 1985. Wengine hatujui waliko. Katika faili la profesa iliwekwa barua ya mstari mmoja: ameacha kazi kwa hiari yake. Nayo haina jina la aliyeipiga.

Alirudishwa mwaka 1984 bila maelezo, amekonda, na madaftari matatu mkononi. Ndani yake mlikuwa na jibu kwa padri, sura aliyoipa jina "Juu ya Hofu". Anasema humo kwamba mwenye hofu bado anajibu kwa alilofanya, lakini wanaomzunguka wanajibu pia, kwa kuwa walimwacha aogope peke yake. Na kwamba nchi ya haki hujulikana kwa idadi ya watu wanaosimama karibu na mtu anayetetemeka. Mfano wake, ukurasa wa arobaini na moja, ni karani mbele ya mashine.

Madaftari hayo alimpa karani yuleyule ayapige. Karani yule ni mimi.

"Mbambu, mwanangu," alisema, "weye piga tu. Kama iko fasi nilikosea, andika pembeni."

Nilipiga kurasa tisini na sita. Pembeni sikuandika kitu. Kiwanda cha kuchapa vitabu kilirudisha kazi ile bila barua. Nakala sitini za stensili ziko katika maktaba yetu, na sura hiyo imo.

Mkurugenzi wa sasa amesoma ukurasa huu. Hakuufuta. Amesema tu kwamba anayeuandika atajibu mwenyewe. Kwa hiyo ninaandika pembeni leo. Muzee, ukurasa wa arobaini na moja hukukosea. Orodha niliipiga mimi, na barua ya mstari mmoja pia, nami nilijua kwamba hukuacha kazi. Ulikaa Boga miaka miwili ukitufanyia kazi.

Chuo kinakushukuru kwa miaka yako ishirini. Uende salama kwenu Boga, ukae vizuri, watu wawe wengi karibu yako.

Umeandikwa na kupigwa kwa mashine na Mbambu Syahirwa, karani.