Blogu ya Dainess, Mnyoosha Migongo wa Xiaobei

Nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, pale uchochoro unapokata kuelekea ofisi za mizigo, Waswahili wa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huku China, wana kijiwe chao: stuli nne za plastiki, benchi lililookotwa saluni moja ilipofungwa, na chupa kubwa ya kahawa ya Getrude. Getrude ni mtu wa Himo, ananunua suruali za jinsi kwa jumla kule soko la Zhanqian, basi wanamwita Mama Jinsi. Marijani wa Kariakoo ni Kontena, kwa sababu ya anachosafirisha na pia kwa sababu ya umbo. Shedrack wa Mbeya, muuza spika, ni Profesa, na hakuna anayejua alifundisha wapi. Alhamisi ile, saa kumi jioni, aliyekaa katikati yao na kikombe kilichopoa mkononi alikuwa Dainess. Huyu binti wa Bukoba alisomea kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, kazi ambayo wenyewe huiita kairopraktiki, na alikuwa na chumba kimoja kwenye kliniki ya Daktari Liang.

— Laoban Liang, bosi wako, kasemaje? Getrude aliuliza.

— Kanipa mpaka kesho. Daftari la miadi likibaki tupu, chumba anampa msichana wa kukanda nyayo.

— Nilisema mimi! Kontena akapiga paja. Miezi minane unaandika blogu. Nani anasoma siku hizi? Watu wanataka video, bibie! Krak, krak, mtu anapiga yowe, kwisha.

— Video naweka, Kontena. Lakini video inapita. Mtu anacheka, anamrushia shemeji yake, kesho kasahau. Ndiyo maana kila video yangu inamalizia kwa kumwambia aje kwenye blogu. Kwenye WhatsApp hivyo hivyo, WeChat hivyo hivyo. Kote huko namwita tu. Akishafika kwenye blogu ndipo tunaongea.

— Mnaongea na nani? Profesa aliuliza. Na hewa?

Dainess alimeza kahawa yake baridi. Vipande arobaini na kimoja alikuwa ameandika, kwa Kiswahili cha watu anaowajua: namna ya kuinua belo bila kuvunjika kiuno, namna ya kukaa ndegeni masaa kumi na mawili, kwa nini begi la bega moja linafanya mkono ufe ganzi. Aliandika akiamini kwamba yupo mtu mahali fulani, Kahama au Lamu, anayejigeuza kitandani kwa maumivu na kuiuliza simu yake. Leo imani hiyo ilikuwa imebaki kidogo sana.

— Sikiliza, Mama Jinsi akasema. Mimi nashona lebo ndani ya kiuno cha kila suruali. "Mgongo ukiuma, muone Dainess." Mtu akivaa tu, kasoma.

— Akivaa anasomaje kiunoni mwake, Mama Jinsi? Kontena akamkata. Bora tuandike juu ya makontena. Meli nzima inaingia bandarini na jina la Dainess!

— Nyie mnawaza kizamani. Profesa alisimama kabisa. Droni! Droni ishirini juu ya Xiaobei, kila moja na spika yangu, zinatoa sauti ya mgongo unaolia krak. Mji mzima utainuka!

— Mji mzima utaita polisi, Dainess akasema, na wote wakacheka, hata yeye.

Kontena ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

— Lakini lile andiko la mwezi wa tatu, dada, lilikuwa kosa. Ndilo lililomuudhi laoban, sivyo? Unawaambia wateja wasije!

— Sikuwaambia wasije. Nilisema upo mgongo nisioweza kuugusa. Unauma hata ukilala, unatoka jasho usiku, unakonda bila sababu. Huyo aende hospitali, siyo kwangu.

— Biashara gani hiyo?

— Ndiyo kazi yangu, Kontena. Kujua wa kumshika na wa kutomshika.

Hapo wakasikia magurudumu ya sanduku yakigonga kwenye vigae. Mwanamke wa makamo, mtandio wa kijani, alikuja taratibu, mkono mmoja kiunoni. Nyuma yake walifuata wanawake wengine wanane na masanduku yao, bado wana sura za ndegeni. Walikuwa wametoka uwanja wa ndege wa Baiyun kwa metro moja kwa moja.

— Asalaam aleikum. Samahanini ndugu zangu. Namtafuta Dainess, daktari wa mgongo, yule wa blogu.

Dainess aliweka kikombe chini.

— Ni mimi, dada.

Yule mwanamke akaachia sanduku, akamshika mikono yote miwili.

— Naitwa Safia, natoka Tanga. Mdogo wangu aliumwa mgongo mwaka mzima. Tulimkanda, tulimchua, wapi! Siku moja mwanangu akauliza kwenye simu, likaja andiko lako, lile la mgongo usioguswa. Nikasoma, nikasema, huyu anamwandika ndugu yangu. Jasho, kukonda, vyote. Tukamkimbiza hospitali. Ilikuwa TB, imeshaingia kwenye uti wa mgongo. Daktari akasema tungeendelea kumchua angepooza. Sasa hivi anameza dawa, anatembea.

Getrude alimshika Dainess bega.

— Nikarudi nikasoma yote, Safia akaendelea. Nikawasomea na hawa wenzangu. Tukasema, tukienda China kununua mzigo, migongo yetu kwanza. Mtu aliyetuambia ukweli alipokuwa hapati kitu, huyo ndiye atatushika. Tuko tisa. Una nafasi kesho?

— Kesho ninayo, Dainess akasema, na sauti yake ikapasuka kwa kicheko. Kesho yote ni yenu!

Alimpigia Daktari Liang pale pale, kwa Kichina cha haraka, na kijiwe kizima kikamsikia akitaja majina tisa kadiri Safia alivyomtajia, moja moja, polepole, yule mzee ayaandike sawasawa. Kutoka upande wa pili likaja swali fupi. Dainess akajibu kwa neno moja. Kisha akageuka kwa wenzake, macho yamejaa maji.

— Kauliza kama chumba nakihitaji na Jumamosi.

Getrude alipiga kigelegele kilichofungua madirisha mawili ghorofani. Profesa alikuwa keshalibeba sanduku la Safia, kwa magoti yaliyonyooka kabisa, mgongo umepinda kama ndoano.

— La, la, kaka! Safia akamzuia. Kunja magoti, mzigo usogeze karibu na tumbo. Si Dainess ameandika? Akawatazama wote watatu kwa upole. Nyie mnaokaa naye kila siku, hebu niambieni, andiko gani mmelipenda zaidi?

Kontena alimtazama Mama Jinsi, akitumaini yeye amesoma hata moja. Mama Jinsi alimtazama Profesa. Profesa, sanduku bado mikononi, alikunja magoti.