Mwami Anapokula

Mwaka ule wa vita, lori la Beni kwenda Butembo lilibeba maharagwe chini na watu juu. Mwalimu Hadassa, na kapu lake la mahindi ya kuchoma, alibanwa kati ya watu wawili wasiojuana wala kuchoka kusema: Sikitu, muuza vitenge, na mzee Onésime, mtumishi wa nyumba ya Mwami, mfalme wa jadi wa kwao.

"Baba, leo benye bunduki ndio banatawala," alisema Sikitu. "Mwami wenu iko tena na kazi gani?"

"Ya kuwa Mwami. Siye, kazi yetu ni kumulinda abakie Mwami. Wakati tulikimbilia mu pori, tulikuwa na sahani moja tu ya mihogo. Mais, lakini, mutu hapana kuona Mwami anakula. Donc, basi, tukamugeuzia mugongo, batu kumi na mbili."

"Na kisha?"

"Tukageuka. Sahani ilikuwa safi, kama imeoshwa."

Sikitu alicheka mpaka akamwangukia Hadassa. "Eh! Desturi gani ya kulaza batu njaa?"

"Tulilala njaa, mais tukiwa batu ba Mwami, hapana bakimbizi."

Jibu zuri, aliwaza Hadassa, ila halijazi tumbo.

Lori likasimama mlimani kupoza injini. Hadassa akagawa mahindi. La mwisho alimpa bwana mwenye koti kuukuu, aliyekaa kimya kwenye kona tangu Beni. Bwana yule akalipokea, lakini hakulitia mdomoni.

Onésime akakohoa. "Bapendwa, tuangalie kwanza ule mulima."

Watu wote wakaugeukia mlima. Wa kwanza kugeuka alikuwa Sikitu, hindi lake amelikumbatia kwa mikono miwili.