Viza ya Ukweni

Kwenye basi la Mkuyuni, kijana aliyevaa suti nzito kwa joto lile alimwambia mzee aliyekaa naye, kiti cha mbele yangu, kwamba anakwenda kujitambulisha ukweni.

“Ukweni ni nchi nzuri sana,” mzee akasema. “Mgeni analishwa kuku. Viza anagonga mjomba wa binti. Utalima, utajenga, utazaa raia, lakini ardhi ni ya ukoo wa mama. Mimi huu mwaka wa thelathini, bado mtalii.”

Sikucheka, nami nimeoa nchi hiyohiyo.

“Sasa mzee, si ungerudi kwenu?” kijana akauliza.

“Ndiko niendako leo. Kuna kijana anakuja kujitambulisha kwa ajili ya mpwa wangu, na mjomba ni mimi.”

Basi likasimama. Wote wawili wakainuka, na kijana akalipokea kapu la mzee bila kuombwa.