Semina ya Kufunga Mdomo

Ng'ambo ya zahanati moja upande wa Ruiru, kulikuwa na ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, na kila Jumanne saa nne wenyewe walikuwa hapo: Sele na birika lake la kahawa ya tangawizi, Calvince, fundi wa mitambo kule Thika, aliyeitwa Profesa kwa sababu hakuwahi kukosa jibu, na Nicanor, karani wa zahanati, aliyeitwa Spika, maana sauti yake haikuhitaji umeme. Mwisho wa ubao aliketi Mumbi, mtoto mapajani, akijifanya anangoja kahawa ipoe. Ilikuwa Jumanne yake ya tatu. Mara mbili alishafika dirishani, na mara mbili Nicanor akamuuliza, "Mama, unaumwa nini?", foleni nzima imenyoosha shingo, naye akasema mtoto anakohoa, mtoto ambaye hata hakuwa anakohoa, akapewa dawa, akarudi nyumbani na jambo lake bado liko kifuani, lile ambalo mwenye ploti anakopanga alimtendea kwa nguvu, ambalo hajamwambia mtu. Nyumbani kuna chupa mbili za dawa ya kikohozi, hazijafunguliwa.

Sista Nakhumicha, muuguzi wa zahanati, akavuka barabara, faili mpya kwapani.

— Sista, umepotea! akasema Sele.

— Nilikuwa semina, siku tatu. Tumefundishwa kumsikiliza mtu akija kusema amebakwa.

— Siku tatu kusikiliza? akasema Calvince. Kwani hayo masikio mlizaliwa nayo ya nini?

— Haya, Profesa. Mtu amekuja, amekwambia amebakwa. Neno lako la kwanza?

— Ulikuwa umevaa nini?

— Sufuri. Sele?

— Mimi ningeuliza alikuwa anatoka wapi saa hizo.

— Sufuri. Spika?

— Jina, umri, kijiji, na chifu wako ni nani.

— Sufuri, na mwandiko mbaya.

Mumbi akacheka, kicheko kikamtoka kabla hajakishika, akaangalia chini haraka.

— Basi jibu ni gani? Calvince akauliza, ameudhika.

— Unasema pole. Unasema nakuamini, si makosa yako. Halafu unafunga mdomo.

— Hiyo ndiyo siku tatu?

— Kusema ni siku moja. Kufunga mdomo ni siku mbili, na kuna daktari mzima alianguka mtihani.

— Haiya! Serikali inapoteza wakati bure. Nunueni radio kaseti. Mgonjwa akiingia, unabonyeza: pole, nakuamini. Betri mbili, mwezi mzima.

— Na kanda ikimezwa? akasema Sele. Afadhali kasuku. Kasuku hana maswali.

— Kasuku atarudia yote sokoni, akanguruma Nicanor. Kila daktari abandikwe plasta mdomoni. Plasta tunazo, ni dawa ndiyo haitoshi.

Wakacheka mpaka ubao ukacheza. Nakhumicha akangoja watulie.

— Profesa, ulipoporwa baiskeli kule Gatuanyaga, hapa ubaoni tulikuuliza nini?

Calvince akajikuna kisogo.

— Mliniuliza kwa nini nilipitia kule.

— Na nini tena?

— Kwa nini sikupiga mbio! Kwa nini nilinunua nyekundu! Wiki nzima, na hakuna hata mmoja aliyemtaja mwizi. Aki nilitaka kuwamwagia hilo birika.

— Na hiyo ni baiskeli, akasema Nakhumicha.

Nicanor, ambaye kimya humwasha kama upupu, akakohoa.

— Lakini kwangu hakuna shida. Mimi naandika tu. Nikiita "Kisonono, benchi ya pili!" mpaka Mugutha wanasikia. Hakuna mgonjwa wangu amewahi kupotea.

Wakacheka tena. Mumbi hakucheka. Maneno yakamtoka mbiombio, kabla woga haujamfikia.

— Na huyo mtu, kabla afike kwa sista aambiwe pole, si lazima apitie dirishani? Sasa pale dirishani atasema anaumwa nini?

Nakhumicha akafungua faili, akapekua, akapekua tena, akaifunga.

— Makarani hawakuitwa semina, akasema.

Nicanor akamtazama mtoto, ambaye tangu asubuhi hakuwa amekohoa hata mara moja. Akamtazama mama yake. Halafu akaitazama mikono yake mwenyewe, ya kuandikia.

— Mlango wa jikoni uko wazi, akasema. Ule wa nyuma. Huko hakuna dirisha.

Nakhumicha akainuka.

— Pole, mama, akasema, na hakuongeza kitu. Akampokea mtoto. Wakavuka barabara pamoja, wakazunguka upande wa jikoni.

Calvince akawasindikiza kwa macho mpaka wakapotea.

— Lakini kwani huyo alikuwa ame—

— Sufuri, akasema Nicanor, polepole, kama mtu anayejifunza kunong'ona.