Verlie Joan Tranter, Aliyewasikiliza Mbwa wa Bonde la Tallowong

"Bibi, mbona hukumsikia Dasti?"

Nilimuuliza hivyo Oktoba 2016, nikiwa na miaka saba, siku moja baada ya mbwa wetu kufa. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Kwa karibu miaka tisa sikujua kama kweli hakusikia, au alisikia akapuuza. Kwa yeyote aliyemjua Bibi Verlie, hilo si swali dogo, na maisha yake yataeleza kwa nini.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 Dorrigo, mtoto wa pili wa Alf na Ena Hobday, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alisoma shule ya mwalimu mmoja hapa Tallowong hadi alipotimiza miaka kumi na minne. Ripoti yake ya mwisho ipo bado, na mwalimu ameandika: "Anasikiliza mno, anaandika kidogo." Akiwa amekaa dawatini aliweza kutaja ni farasi wa nani anayekuja kabla hajafika getini.

Mwaka 1957 alianza kazi ya kuunganisha simu za bonde zima, laini ishirini na mbili, kwenye ubao wa nyaya uliokuwa sebuleni kwa Bi. Tranter mkubwa. Mwenye nyumba alikuwa na kijana anaitwa Desmond, mkata magogo, ambaye ghafla akawa na watu wengi wa kuwapigia simu. Walifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1961 kwenye ukumbi wa kijiji. Babu Des alitutangulia mwaka 2009.

Mwunganishaji simu hakuruhusiwa kusikiliza mazungumzo ya watu. Septemba 1966 Mzee Clarrie Pocock, ambaye leo ameketi safu ya tatu hapa kanisani na amenipa ruhusa ya kulisimulia hili, alikuwa anaagiza chakula cha ng'ombe. Nyuma yake mbwa wake akabweka. Bibi akaingia kwenye laini.

"Samahani, Clarrie. Mbwa wako ana kupe, yule wa sumu ya kupoozesha."

"Ala! Kumbe huwa unasikiliza!"

"Nilikuwa namsikiliza mbwa. Sauti inakwaruza. Mtazame nyuma ya masikio, chini ya kidevu, katikati ya vidole. Usimpe maji wala chakula, koo limelegea, atapaliwa. Mtie garini umpeleke kwa daktari."

"Nimalize kukamua kwanza?"

"Kamua tu. Halafu uchimbe shimo."

Mzee Clarrie aliacha ng'ombe wakilia bandani, akaendesha gari kwa muda wa saa mbili, na mbwa akapona. Bibi alipata barua ya onyo kutoka ofisini. Ila kuanzia hapo watu walipiga simu wenyewe. Hata mitambo ya kujiunganisha ilipokuja mwaka 1983 na ubao ukaondolewa, waliendelea kupiga nyumbani kwake. "Usinielezee wewe," alikuwa akiwaambia. "Mpe simu yeye." Na mtu mzima, na kofia yake kichwani, anamshikia mbwa simu mdomoni.

Mimi alinifundisha kwa mikono. Inua mdomo wa mbwa, bonyeza ufizi kwa kidole, uachie: rangi irudi kabla hujamaliza kusema jina lako lote. Ufizi mweupe, damu inapotea mahali. Wa njano, ini. Anayetikisa kichwa upande mmoja ana mbegu ya nyasi sikioni. Anayemaliza bakuli la maji na kutaka jingine, usimsifu kwamba anakunywa vizuri; ni figo au sukari. Nikauliza, na pua kavu je? "Pua kavu ni pua kavu. Mbwa alikuwa amelala juani." Nilikuwa na maswali mengi na alijibu yote, isipokuwa lile moja.

Dasti alikufa tarehe 9 Oktoba 2016. Mchana kutwa tulicheza naye kwa mpira wa kumwagilia bustani, akibweka, na Bibi alikuwapo. Jioni miguu ya nyuma ikayumba. Baba alipomkuta kupe kwapani tulikuwa tumechelewa, na alifia garini njiani kwenda kwa daktari, kabla hatujavuka daraja la kutoka bondeni.

Februari mwaka huu Bibi alianza kubakiza chakula, na kukaza mkanda wa nguo kwa kukonda. Niliona weupe wa macho yake umegeuka manjano. Nikajiambia ni mapazia ya jikoni, yana rangi hiyo. Sikumwambia mtu hadi Aprili, shangazi Glenda alipokuja, akamtazama, na kumpeleka hospitali siku ileile. Ilikuwa saratani ya kongosho. Daktari alisema miezi miwili isingebadilisha kitu. Nilimsikia daktari, lakini usingizi haukuja. Bibi alifariki asubuhi ya tarehe 11 Juni 2025, akiwa na miaka themanini na minne.

Ameacha watoto wawili, Glenda na Ross. Ameacha pia mdogo wake, Neville. Wajukuu watano, vitukuu wawili, na mbwa Pip, ambaye yuko nje ya kanisa na ana afya njema, nimemkagua. Kazi ya Bibi imekwisha, na tunamwombea utulivu.

Siku tisa kabla hajafa nilikuwa naye peke yangu wodini. Nilimwambia, "Bibi, macho yako niliyaona tangu Februari. Nikasema ni mapazia."

Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Dasti nilimsikia," akasema.

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, unammwagia maji. Angekuwa wa Clarrie, ningeshika simu palepale. Huyu nikasema amebweka sana tu, sauti itarudi."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Nilimsikia, Tamsin. Nilitaka tu awe mzima."